Tomb Raider rimasta kwenye konsoli ya mkononi: kuruka mapengo, giza la mapangoni na chaji ya sola

NyotaYaNile (Gulu)

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaoijua Tomb Raider I–III Remastered, na IV–VI pia (rimasta, yaani gemu za zamani za Lara Croft zilizotengenezwa upya), inavyochezwa mkononi bila TV.

Vifaa vinavyouzwa hapa ni viwili, vyote vimetumika: Switch Lite ya Nintendo, na Steam Deck ya Valve yenye skrini ya LCD, inayosemwa ni GB 256. Umeme wa gridi unakatika ovyo. Kuna sola ya paneli ya wati 50, betri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 7, na pawabenki ya mAh 20,000. Intaneti ni bando ya simu, hakuna Wi-Fi ya nyumbani.

Maswali: kifaa kipi kati ya hivyo? Vitufe vya zamani au vipya? (Kwa vipya Lara anatumbukia hata kwenye mapengo madogo ya mapango ya mwanzo.) Picha mpya ni giza sana, swichi ukutani haionekani. Na bando itaisha kwa kiasi gani?

---

Kisanduku64 (Kampala)

Ssebo, nianze na kifaa, maana mengine yote yananing'inia hapo.

Gemu hizi ni nyepesi. Tatu za kwanza ni za 1996, 1997 na 1998. Toleo la Aspyr la 14 Februari 2024 limezivika ngozi mpya, mifupa ni ileile. IV–VI, ambazo ni za 1999, 2000 na 2003, zilifuata mwaka mmoja kamili baadaye, 14 Februari 2025. Kwa hiyo usinunue Deck kwa kudhani Switch Lite itashindwa kuziendesha.

Switch Lite ina skrini ya inchi 5.5 na betri ya Wh (wati-saa) 13.6. Ubora wake mkubwa kwa gemu hizi ni krosi halisi ya vishale upande wa kushoto. Switch ya kawaida yenye Joy-Con (vidhibiti vya kuchomoa) haina krosi, ina vitufe vinne vilivyoachana, na kidole gumba kinalalamika baada ya saa moja. Ubaya wa Lite: vijiti havichomoki. Kijiti kikianza kujisogeza chenyewe lazima fundi afungue mashine nzima. Tena haiunganishwi na TV, ingawa wewe hilo hulitaki.

Deck LCD ina inchi 7, pikseli 1280 kwa 800, betri ya Wh 40, krosi nzuri, na vitufe vinne vya ziada mgongoni. Hivyo vya mgongoni vina kazi, mwingine atakueleza.

Ukiwa mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa hela:

Switch: fungua eShop (duka la mtandaoni la Nintendo) palepale kwa intaneti ya simu yako. Mashine iliyofungiwa na mtengenezaji inacheza katriji vizuri kabisa lakini dukani haiingii, na hilo halitengenezeki. Kisha nenda sehemu ya kupima vijiti kwenye mipangilio, zungusha kila kijiti na ukiachie. Alama isiporudi katikati, shusha bei au ondoka.

Deck: fungua mipangilio, sehemu ya hifadhi, usome ukubwa wa diski ya ndani. Ziko zile za GB 64 zilizochomekwa kadi ya microSD zikaitwa "256". Diski ya 64 ni ya aina ya polepole zaidi, si NVMe, ile ya kasi. Mwenye mali atoe akaunti yake na arudishe mashine kama ilivyotoka kiwandani huku unaangalia. Halafu hakikisha unapewa chaja yake ya asili ya wati 45. Deck haijawahi kuuzwa rasmi Uganda, kwa hiyo dhamana isahau, zote zimeletwa na watu.

Malipo. eShop haina nchi ya Uganda. Akaunti inafunguliwa kwa nchi nyingine, kama Marekani au Afrika Kusini, na kadi ya zawadi lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Namba za kadi ya Marekani hazikubali kwenye akaunti ya Afrika Kusini, hata ulie. Steam, duka la gemu la Deck, inakuuzia kwa dola, na kadi ya Visa au Mastercard inatosha, hata zile za mtandaoni zinazolishwa kwa mobile money. Kila fungu la gemu tatu lilianza kwa dola 29.99. Punguzo linakuja mara kwa mara, usikimbilie bei kamili.

Na bando. Bei yake tayari ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, acha VAT, kwa hiyo kila GB iheshimu. Njia tatu za kuibana:

Kwa Switch, tafuta katriji ya I–III. Katriji za Switch hazina mipaka ya nchi, ya Ulaya au ya Marekani inacheza popote. Utapakua masasisho tu.

Kwa Deck, tumia njia ya kuhamisha gemu ndani ya mtandao mmoja. Steam imekuwa nayo tangu Februari 2023. Rafiki mwenye gemu hiyohiyo kwenye kompyuta au Deck yake anairuhusu kwenye mipangilio ya upakuaji, nyote mnaunganishwa kwenye Wi-Fi moja, na Deck yako inachukua mafaili kutoka kwake. Bando inatumika kidogo tu, kwa ajili ya kuthibitisha akaunti. Ila kila mmoja lazima awe amenunua gemu yake. Hata hotspot ya simu inafaa kama simu haiwatenganishi waliounganishwa. Simu nyingine zinawatenganisha na uhamisho hautaanza. Jaribu simu nyingine kabla ya kulaumu Steam.

La tatu: iwashe Deck kwa mara ya kwanza mahali penye intaneti ya uhakika. Ikiwashwa mara ya kwanza inadai kusasishwa kabla ya kukuruhusu kufanya lolote, na gemu ya Windows inaleta Proton (programu inayoiwezesha kuchezeka kwenye Deck) na vifaa vyake, GB 1 hadi 2 juu ya gemu yenyewe. Baada ya hapo weka masasisho ya kujiendesha yafanyike saa unayotaka wewe, mfano saa nane usiku, wakati hotspot imezimwa.

---

BiMraba (Kasese)

Mimi nishike vitufe, maana hapo ndipo watu wanapoacha gemu hizi wakasema mbaya, kumbe hawakuelezwa.

Ulimwengu wa Tomb Raider ya zamani umejengwa kwa miraba. Kila sakafu, kila tofali, kila pengo ni mraba mzima wenye ukubwa mmoja. Lara hatembei kwenye pori huria, anatembea juu ya karatasi ya hesabu. Mruko wake nao umepimwa kwa miraba hiyohiyo:

Mruko wa kusimama unavuka mraba 1 mtupu.
Mruko wa kukimbia unavuka miraba 2.
Mruko wa kukimbia ukidaka ukingo kwa mikono unavuka miraba 3.

Basi. Ukishayajua hayo, humuombi Mungu kila unaporuka. Unahesabu miraba, unachagua mruko. Pengo likizidi miraba 3 usihangaike, njia iko pengine.

Vitufe vya zamani, vile vya kugeuka kama kifaru cha vita, vilitungwa kwa ajili ya karatasi hiyo ya hesabu. Vipya vinamfanya Lara aelekee kule kijiti kinakoelekea kufuatana na kamera. Vizuri kwa kuzurura, vibaya kwa kuruka, na sababu ni moja: kwa vitufe vya zamani ukigusa nyuma, Lara anaruka hatua moja kinyumenyume na uso wake unabaki mbele. Kwa vipya ukivuta kijiti nyuma anageuka. Ile hatua moja ya kinyumenyume ndiyo kipimo cha mruko wa kukimbia. Ukiikosa, unakisia.

Fanya hivi, kwenye krosi, si kwenye kijiti:

Shikilia kitufe cha kutembea, sogea hadi ukingoni. Akitembea hawezi kuanguka, atasimama mwenyewe kwenye ncha. Achia kutembea. Gusa nyuma mara moja, usishikilie. Ataruka nyuma karibu mraba mmoja. Sasa shikilia mbele, na mara tu mguu unapoanza kukimbia shikilia kuruka. Usisubiri ukingo ufike. Gemu inakumbuka kwamba umebonyeza na itamrusha kwenye hatua ya mwisho. Kama pengo ni miraba 3, akishapaa achia kuruka na ushikilie kitufe cha kitendo hadi mikono ishike. Usikiachie mpaka umeamua kupanda.

Makosa yanayomtumbukiza mtu:

Kubonyeza kuruka kabla ya mbele. Hapo anaruka palepale au anatoa mruko wa kusimama, mraba 1 tu, na pengo lilikuwa 2.

Kwenda mshazari. Mraba una pembe. Ukiuvuka kwa mshazari umerefusha pengo, na akifika ukingoni amepinda mikono inaweza isishike. Kabla ya kuruka mtazame Lara kwa nyuma na umnyooshe na mistari ya vigae vya sakafu. Vigae ndivyo rula yako.

Kutoruka nyuma kabisa, ukaanza kukimbia ukiwa kwenye ncha. Hana nafasi ya kukimbia, anadondoka kama gunia.

Kushuka kuna kanuni yake. Usimrushe chini kutoka juu. Mgeuze mgongo uelekee shimo, ruka nyuma ukishikilia kitendo au shuka nyumanyuma hadi aning'inie, ndipo umwachie. Urefu wa mikono na mwili unapungua kwenye anguko, na mara nyingi ndio unaotenganisha mzima na maiti. Miiba ya sakafuni ipite kwa kutembea: anayetembea haumii, anayekimbia anaumia.

Kwenye Deck, vile vitufe vya mgongoni: weka kitendo kwenye R4 na kutembea kwenye L4. Gumba la kulia linabaki kwenye kuruka, kidole cha kati kinadaka. Mruko wa miraba 3 unakuwa rahisi kabisa, kwa sababu huhamishi kidole hewani. Kwenye Lite huna hivyo, kwa hiyo zoea kuteleza gumba kutoka kuruka hadi kitendo bila kuliinua.

Mahali pa mazoezi ni nyumba ya Lara, ipo kwenye menyu. Nusu saa pale inakupunguzia vifo vingi pangoni.

Giza sasa. Hilo si kosa la skrini yako. Wasanii wa rimasta waliweka mwanga wa kweli: taa inatoka dirishani au kwenye mwenge, na pasipo na chanzo pana giza. Picha za zamani hazikujali chanzo, chumba kizima kiling'aa. Ukiingia chumba kipya, badili picha kwa kitufe kimoja (+ kwenye Switch, kitufe cha mistari mitatu upande wa kulia wa Deck), zungusha macho, tafuta swichi, tundu la ufunguo, ngazi na vitu vya kuokota, kisha rudi kwenye picha mpya. Hakuna muda unaopotea na si udanganyifu, wenyewe wamekiweka. Jua tu kwamba picha za zamani za I–III zinakwenda fremu 30 kwa sekunde na mpya 60, kwa hiyo mkono utahisi uzito kidogo ukibadili katikati ya kukimbia. Badili ukiwa umesimama.

Kuna pia hali ya kupiga picha, vijiti vyote viwili vibonyezwe pamoja. Kamera inamwacha Lara na kuruka. Watu wanaitumia kuchungulia shimo lina kina gani. Mimi hapo nasita, inaua ladha, lakini skrini ya inchi 5.5 ina haki ya kusaidiwa.

Tochi za kuwasha mkononi zinaanza gemu ya pili. Ya kwanza haina, usizitafute.

---

WatiNaVolti (Arua)

Nimeona "mAh 20,000" na "Ah 7" hapo juu. Ndugu yangu, hesabu za chaji fanya kwa Wh, la sivyo utadanganyika. Namba za mAh za pawabenki ni za volti 3.7 za seli zilizo ndani, na Ah za betri ya sola ni za volti 12. Havilinganishwi moja kwa moja.

Pawabenki: 20 × 3.7 = Wh 74. Ikipandisha volti inapoteza, chukua Wh 60 mkononi. Switch Lite (13.6) utaijaza kama mara nne. Deck LCD (40) mara moja na nusu, kasoro.

Betri ya sola: 12 × 7 = Wh 84. Ya risasi usiishushe chini ya nusu, itakufa baada ya miezi. Inabaki 42, na adapta itakula sehemu yake, inafika 36 hivi. Deck kutoka sifuri haijai kwa betri hiyo peke yake usiku. Lite itajaa mara mbili na chenji.

Kwa hiyo Deck ichajiwe mchana, paneli ikiwa kazini. Paneli ya wati 50 kwa kweli inatoa kama 35 jua likiwa kali. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri ni Wh 140 hivi. Deck inachukua chini ya 50 pamoja na upotevu, iliyobaki inajaza betri yako. Usiku unacheza kwa betri ya Deck yenyewe, na taa za nyumbani haziguswi.

Upunguze pia ulaji. Bonyeza kitufe cha nukta tatu, nenda alama ya betri, weka kikomo cha fremu 60, kisha kikomo cha wati cha chipu. Anza na 6. Ikikwama kwenye vyumba vikubwa vyenye maji panda 7, usipande 15 kwa hofu tu. Washa kipimo cha utendaji kwenye skrini usome wati za betri nzima. Ukiona 9, basi 40 ÷ 9 ni saa 4 na nusu hivi. Ukiona 7 ni karibu saa 6. Mwanga wa skrini nao ni mlaji mkubwa. Usiku ndani ya nyumba theluthi inatosha, hasa ukitumia mbinu ya Bi Mraba ya kubadili picha badala ya kupandisha mwanga.

Joto: Januari na Februari huku kwetu kaskazini si mchezo. Valve wenyewe wanasema Deck inafanya vizuri kati ya nyuzi 0 na 35. Usiichaji kwenye kiti cha basi juani huku unacheza. Na matundu ya nyuma yanavuta vumbi la murram. Funika ukiwa safarini, na usipulize kwa kompresa ya kujazia matairi, feni itazunguka kupita kiasi na bearing zake zitaharibika.

---

NyotaYaNile (Gulu)

Webale nnyo, asanteni sana. Deck ndiyo iliyochaguliwa, diski ya ndani imesoma 256 kweli. Mapengo sasa yanavukika, kumbe shida ilikuwa ni mshazari.

Yamebaki mawili. Nikichaji kutoka betri ya sola kwa adapta ya gari, Deck inaandika kwamba chaja ni ya polepole, na nikicheza asilimia inashuka ingawa imechomekwa. Pili, I–III inafunguka bila intaneti, IV–VI inakataa, inadai mtandao.

---

WatiNaVolti (Arua)

Soma maandishi madogo kwenye adapta. Ikiwa imeandikwa QC 3.0 (chaji ya haraka ya simu) tu na tundu lake ni lile pana la USB-A, hiyo ni ya simu. Deck inaongea lugha ya USB-C PD (utaratibu wa chaja na kifaa kukubaliana volti) na inataka volti 15, ampea 3. Isipoielewa adapta inarudi kwenye volti 5, na hapo unapata wati chache tu huku gemu inakula 9. Ndiyo maana inashuka.

Unachotaka: adapta ya gari iliyoandikwa PD wati 45 au zaidi kwenye tundu la USB-C, na katika orodha ya volti zake iwepo 15V 3A. Nyingine zinaandika 45W halafu ni jumla ya matundu mawili, kila moja likitoa kidogo. Kebo iwe USB-C pande zote mbili.

Halafu angalia waya kutoka betri hadi soketi. Wati 45 upande wa volti 12 ni ampea 3.75, ongeza upotevu unafika 4.2 hivi. Waya mwembamba wa spika wenye mita tatu utashusha volti, adapta itazima na kuwaka, na Deck itakuwa inapiga kengele ya chaji kila dakika. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5, mfupi, na fyuzi ya ampea 7.5 karibu na betri upande wa chanya. Bila fyuzi usifanye kabisa. Betri ya risasi ikipata shoti inachoma waya kabla hujaamka.

Kujua nusu ya betri: iache ipumzike bila mzigo, pima kwa mita. Volti 12.7 imejaa, 12.1 hivi ni nusu, simama hapo.

Kwa siku za umeme wa gridi: chaja ya Deck inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo ya Marekani haihitaji transfoma, kigeuza plagi cha pini tatu tu. Ila umeme ukikatika, ichomoe. Wakati wa kurudi ndio hatari. Kile kilinda-friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kinafaa kwa hili pia.

---

Kisanduku64 (Kampala)

IV–VI kudai mtandao: karibu kila mara ni kwamba haijawahi kufunguliwa ikiwa mtandaoni. Kupakua hadi asilimia 100 hakutoshi. Mara ya kwanza inapofunguliwa ndipo Steam inaandaa vifaa vya Windows na kuthibitisha umiliki. Washa hotspot, ifungue hadi menyu kuu, chagua kila gemu kati ya tatu, toka. Rudia kwa I–III.

Kisha tazama kama kuna sasisho linalosubiri. Gemu yenye sasisho lililoanza nusu haifunguki hadi liishe, hata kama jana ilifunguka. Maliza, halafu ukiwa bado mtandaoni nenda mipangilio, sehemu ya intaneti, washa "Offline Mode". Zima Wi-Fi, zima Deck kabisa, iwashe, fungua zote mbili. Jaribio hilo lifanyike mjini, siyo ukishafika kijijini.

Kama hata mtandaoni inafunguka na kujifunga: bonyeza gia kwenye ukurasa wa gemu, "Properties", "Compatibility", lazimisha toleo jingine la Proton. Anza na Experimental. Kumbuka kila toleo ni upakuaji mwingine, usiyakusanye.

Kadi ya microSD, maana utaihitaji baadaye: kadi bandia zimejaa. Inasema GB 512, ndani ni 32. Gemu inahamia vizuri, siku ya tatu mafaili yameoza. Ijaribu kwenye kompyuta kwa H2testw, ijazwe yote na isomwe yote, kabla ya kuiweka kwenye Deck. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa. Muuzaji asiyekubali kurudishiwa kadi iliyofeli, usinunue kwake.

Na uhifadhi. Usitegemee kulaza Deck. Ikilala siku kadhaa betri inaisha, na gemu iliyokuwa imelala inapotea na kila ulichofanya tangu uhifadhi wa mwisho. Hifadhi ndani ya gemu, kisha ndipo ulaze. Ukicheza pia kwenye kompyuta, toka kabisa kwenye gemu na uiache Deck iguse mtandao kidogo. Nakala hupanda Steam ukishatoka, si ukilaza. Ukiulizwa uchague ya mtandaoni au ya kwenye mashine, soma saa iliyoandikwa, usibonyeze kwa haraka.

---

Katriji_Kuukuu (Jinja)

Nakubaliana na BiMraba kwa gemu tano za kwanza. Kwa ya sita, Angel of Darkness, nakataa. Hiyo haikujengwa kwa miraba kama zilizotangulia, na vitufe vyake vya asili vya 2003 vilikuwa vizito tangu siku ya kwanza. Vipya ndivyo vinavyoifanya ichezeke. Badili unapofika hapo, usijitese kwa uaminifu.

Jambo la kuhifadhi: usitumie nafasi moja. Zungusha tatu, na ya nne iwe ya mwanzo wa levo, usiiguse. Gemu hizi zinakuruhusu kuhifadhi hata ukiwa hewani unaanguka, au unawaka moto. Ukifanya hivyo kwenye nafasi yako pekee, kila ukifungua unakufa.

Na kwenye III, baada ya levo za India unachagua mwenyewe uende wapi. Nenda Nevada kwanza. Kule Lara anakamatwa na kunyang'anywa silaha zote, kwa hiyo ukienda ukiwa umekusanya London na Pasifiki Kusini, unapoteza ghala zima. Ukienda mapema huna kikubwa cha kupoteza.

---

BiMraba (Kasese)

Hapo kwa ya sita sikubishii. Ila kanuni ya kutembea hadi ukingoni usiiache hata huko.

NyotaYaNile, ukifika gemu ya pili: vioo vilivyovunjika sakafuni ni sawa na miiba. Shikilia kutembea.